Kadi za Mkono Mtupu

Kaa hapa upande wa kivuli, msikilizaji wangu, uweke miguu vizuri, maana mchezo ninaotaka kukueleza hauingii kichwani kwa haraka. Mimi mwenyewe niliucheza miaka mingi nikidhani naujua. Usiogope, hauhitaji nguvu wala elimu. Unahitaji kadi nene, mahali pagumu pa kuzipigia, na mtu wa pili. Kadi ninazo na sakafu ninayo. Ninayemtafuta ni mtu wa pili, na si mtu yeyote tu. Ni mmoja, na yuko mbali.

Tuanze na kadi zenyewe.

Mimi ni fundi wa viti vya magari huku Mkuyuni, kama alivyokuwa baba yangu, katika banda lile lile. Magari mengi yanayotufikia yalitembea Japani kwanza. Yanafika hapa viti vimelegea, basi tunang'oa kiti, tunavua kitambaa, tunabadilisha sponji, tunashona upya. Sasa, ukishang'oa kiti cha gari lililokuwa la watu wengine, unakuta maisha yao yamebaki chini yake. Vibanio vya nywele. Sarafu zenye tundu katikati. Vijiti vya kulia. Siku moja baba alikuta jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi laini. Alilizika nyuma ya banda, akasema jino la mtoto wa mtu hawezi kulitupa kwenye takataka.

Banda letu lina desturi yake kuhusu vitu hivyo, na ninaifuata mpaka leo. Kilichopotea huku, kiwe funguo au kitambulisho au pesa, kinarudi kwa mwenye gari kabla hajauliza. Kilichopotea Japani ni cha fundi, kwa sababu hakuna wa kumrudishia. Baba alikuwa anavileta vitu hivyo nyumbani Buswelu kwenye mfuko wa ovaroli, nami nilikuwa naingiza mkono mfukoni hata kabla ya kumsalimia. Mama alikuwa anasema, "Hivi huyu mtoto anamwamkia baba yake au anaiamkia ovaroli?"

Basi likaja gari moja la abiria, refu, lililochoka kuliko yote. Chini ya kiti cha nyuma palikuwa na sanduku la mbao lililopigiliwa misumari, na ndani ya sanduku bati la biskuti, na ndani ya bati, kadi.

Usidhani ni karata. Karata ni nyembamba, unaichanganya kwa vidole. Hizi zilikuwa nene kama soli ya kandambili iliyokwisha, zimetengenezwa kwa matabaka ya boksi yaliyogundishwa pamoja. Nyingine za mviringo, nyingine za mstatili. Mbele kulikuwa na picha: watu wanene wa mieleka, mchezaji aliyeinua gongo la kupigia mpira, treni yenye pua ndefu, mtu aliyevaa kinyago akikunja uso. Rangi zilikuwa nyekundu na buluu, na zilikuwa zimevuka mistari kidogo, kana kwamba aliyezichapa alikuwa na haraka ya kwenda kula. Zilinukia kabati la zamani. Baba alisema hizo ni za zamani kumzidi yeye.

Nyuma ya kila kadi kulikuwa na maandishi tusiyoweza kuyasoma, namba ndefu, na picha ndogo ya mkono. Mikono ilikuwa ya aina tatu. Ya kwanza ni ngumi, ya pili ni vidole viwili vilivyonyooka, ya tatu ni kiganja wazi. Zishike vizuri hizo tatu, maana mambo yote yanatoka hapo.

Nikisema "tusiyoweza kuyasoma", wa pili alikuwa yeye, huyo ninayemtafuta. Mlango wa pili kutoka bandani kwetu palikuwa na duka la spea la familia ya Kihindi, Waislamu, waliokuwa Mwanza tangu enzi za babu wa babu yao. Binti yao alikuwa wa rika langu. Tukitoka shule, yeye aliambiwa asitoke dukani mpaka lifungwe, na mimi niliambiwa nisitoke bandani mpaka baba amalize, kwa hiyo tulikuwa wafungwa wa barabara moja. Mimi nilimwita tajiri kwa kumchokoza. Yeye aliniita fundi tangu nilipokuwa siwezi hata kuingiza uzi kwenye sindano ya cherehani. Akipita alikuwa anamwambia baba, "Shikamoo fundi mkubwa," naye baba anajibu, "Marahaba tajiri, umetuletea nati?" Kila siku hivyo hivyo, na kila siku wote wawili wanacheka.

Mchezo hatukufundishwa na mtu. Nyuma ya banda kulikuwa na jabali, pana, tambarare juu, linalotazama ziwa. Tulizimwaga kadi pale tuzitazame. Moja ikaniponyoka, ikaanguka kwa ubapa kando ya nyingine. Ile nyingine ikaruka na kupinduka.

Tukatazamana.

"Umeigusa?" akaniuliza.

"Sijaigusa."

"Basi ni upepo wake. Rudia."

Nikarudia. Jioni ile hatukusikia hata tulipoitwa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mchezo ndiyo hiyo: kadi ya mwenzako imelala chini, wewe unaipiga yako kwa nguvu kando yake, bila kuigusa, na upepo wa kipigo unaipindua. Ikipinduka umeichukua, si ya kuazima. Isipopinduka, zamu ni yake, na sasa kadi yako ndiyo iliyolala. Na kama upepo wa ziwa wenyewe ukija ukaipindua kadi kabla ya mtu kupiga, tulikuwa tunasema, "Ziwa limecheza," kadi inarudi kwa mwenyewe na tunaanza upya.

Kilichobaki kilikuwa swali moja: nani aanze? Anayeanza kupiga ana faida kubwa. Tukajua jibu lazima liko kwenye ile mikono, ila mikono ilikuwa inasema nini?

Wakati huo bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka pwani ya ziwa upande wa Mara. Aliuza dagaa maisha yake yote, tena katika masoko ambako muuzaji na mnunuzi hawajui lugha moja, na vidole ndivyo vinavyosema. Alikuwa amekaa bandani kwenye kiti cha gari kisicho na gari, akisubiri kazi iishe waende nyumbani. Tukampelekea kadi tatu.

"Shikamoo bibi. Tusomee huu mkono."

"Marahaba wajukuu zangu." Akaipeleka kadi mbali na macho. "Hii tano."

"Tano wapi, bibi? Hii ngumi!"

"Ngumi ndiyo tano. Wewe si unahesabu kwa kukunja? Kimoja, kingine, kingine. Ukifika tano kimebaki kidole gani nje? Mkono umeisha, umefunga."

Tukajaribu. Kweli, mkono ulikuwa umefunga.

"Na huu?"

"Mbili. Hapo unahesabu vilivyosimama, hata kuku anajua."

Tukampa ya kiganja wazi. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Huyu anaomba. Hana kitu, masikini. Huo mkono mtupu."

Mwenzangu hakukubali. Alimpenda sana bibi, lakini alikuwa mbishi. "Bibi, mkono huo si mtupu. Unangoja hina. Kwetu mtu akienda kupakwa hina ananyoosha hivi hivi, anakaa kimya anangoja."

"Hina ndiyo nini, inaliwa?"

"Hailiwi, bibi."

"Basi mtupu," akasema bibi, na sheria ikawa imepita.

Umenielewa? Mnatoa kadi mbili, kila mtu yake, picha juu. Mnazigeuza pamoja. Mwenye ngumi ana tano, anaanza. Mwenye vidole viwili anaanza mbele ya mkono mtupu tu. Mwenye mkono mtupu hamwanzi mtu yeyote, kazi yake ni kulala chini na kupigwa. Mikono ikilingana, hakuna anayeanza, mnarudisha na kutoa nyingine.

Kwa hesabu hiyo, kadi za ngumi zikawa wafalme. Na kadi za mkono mtupu, ambazo kwangu mimi zilikuwa hasara, mwenzangu akaanza kuzikusanya. Alikuwa ananibadilisha: ananipa ngumi, mimi nampa mkono mtupu. Nilimwambia waziwazi kwamba anajiumiza.

"Na hizi ni watoto wa watu," akasema. "Halafu zinangoja hina. Wewe hujui kungoja, fundi."

Alijua kungoja kweli. Kwa kuwa alipigwa kwanza kila mara, alijifunza kulala vizuri kuliko mimi nilivyojifunza kupiga. Alizipaka kadi zake nta ya mshumaa, nyumba yao ilikuwa na mishumaa mingi kwa ajili ya umeme kukatika, akazisugua kwa kitambaa mpaka zikawa nzito na laini, zikang'ang'ania jabali kama kaa. Alibonyeza kingo ziiname chini kidogo, upepo usipate mahali pa kuingilia. Mimi napiga, paa! Kadi yake haitikisiki. Mama yake anapaza sauti kutoka mlango wa nyuma wa duka, "Nyie! Mnapasua mwamba au mnacheza?" Napiga tena zamu yangu ikija, paa! Naye anakaa ameshika magoti, ananitazama kwa huruma ya uongo.

"Pole fundi. Unataka maji?"

Halafu anapiga yeye mara moja tu, kama anayefukuza nzi, na mfalme wangu analala chali.

Sikuwahi kumpenda mtu wa nje ya nyumba yetu kama nilivyompenda yeye. Wakati ule sikujua kuwa jambo hilo lina jina. Nilijua tu kwamba siku za Ijumaa, duka lao likichelewa kufunguliwa mchana, kazi za banda zilikuwa hazinogi.

Wakahama. Ndugu za baba yake walikuwa wamekwenda Kanada, wakawaita. Duka likabaki kwa ami yake. Siku za mwisho tulikaa kwenye jabali tukigawana kadi. Zile za vidole viwili zilikuwa chache tangu mwanzo, na zilikuwa zimeachana matabaka kwa kupigwa, hazikufaa tena. Zilibaki ngumi na mikono mitupu. Nilifikiri tungechanganya tugawane sawa. Akakataa.

"Mimi nichukue mikono mitupu yote. Wewe baki na ngumi zote."

"Huko utacheza na nani? Mikono ikilingana hakuna anayeanza."

"Ndiyo maana," akasema. "Na wewe huku hutacheza na mtu. Ngumi kwa ngumi hakuna anayeanza. Ukitaka kucheza itabidi unitafute, na mimi nikitaka itabidi nirudi."

Alisema hivyo huku akifunga kadi zake kwenye leso, bila kunitazama. Nilikubali haraka. Ukiniuliza nilitaka nini katika miaka yote iliyofuata, jibu ni hilo hilo na halikubadilika: mchezo mmoja zaidi, yeye na mikono yake mitupu, mimi na ngumi zangu.

Miaka ilikwenda. Baba aliniachia cherehani, kisha akatuacha kabisa. Nikaolewa, nikahamia Kiseke, nikapata watoto. Lile jabali la nyuma lilipata mwenye kiwanja. Wakalichomea matairi mpaka likapasuka, kisha akina mama wakaligonga likawa kokoto, na kokoto zikajenga maduka. Bati la biskuti liliendelea kukaa kwenye rafu juu ya nyuzi. Wanangu nilijaribu kuwafundisha, lakini ngumi kwa ngumi hakuna anayeanza, wakachoka. Ningeweza kuchora mikono mitupu yangu mwenyewe kwenye boksi. Sikutaka. Baadhi ya siku, wateja wakiwa wachache, nilikuwa naweka kadi moja sakafuni na kuipiga peke yangu, kama mtu anayesugua bao asilolicheza. Mkono wangu ukawa mzuri sana.

Kisha akaja mteja mmoja, kaka aliyesomea Japani mambo ya samaki, anataka kiti cha dereva kishonwe. Akaliona bati. Nikamwonyesha. Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. Akanisomea picha moja moja, akaniambia ni kadi za watoto wa zamani, na kwamba huko nako wanazipiga chini zipinduane. Nilijisikia vizuri, maana hilo tulilipata bila kufundishwa.

Akageuza kadi. "Na hapa nyuma mlikuwa mnachezaje?"

Nikamwelezea hesabu ya bibi. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kisha akatabasamu.

"Dada, hii ngumi si tano. Hili ni jiwe. Vidole viwili ni mkasi. Na kiganja ni karatasi. Jiwe linavunja mkasi, mkasi unakata karatasi, na karatasi inalifunika jiwe."

"Inalifunika halafu?"

"Halafu inashinda. Kiganja kinaishinda ngumi."

Nilikaa kwenye kile kiti chake kabla sijakimaliza. Yaani kadi alizokuwa anazikusanya kwa huruma ndizo zilizokuwa na haki ya kuanza. Kila mara tulipogeuza, ngumi yangu na kiganja chake, alistahili kuanza yeye. Na angepiga kwanza, kwa ule mkono wake, ningekuwa sina hata kadi moja.

Nilitamani kumwambia siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunasalimiana kwenye simu mara chache, sikukuu na misiba, kwa ujumbe mfupi. Lakini jambo hili nilitaka kumwambia uso kwa uso, nimwone anavyokasirika. Nikalihifadhi.

Mwaka huu akaja. Walikuwa wanajengea upya kaburi la babu yao, na ami alikuwa ameamua kufunga duka. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari, kichwa chini ya dashibodi, niliposikia nyuma yangu:

"Shikamoo fundi mkubwa."

Nilijigonga kichwa. "Mkubwa nani? Mimi na wewe nani mkubwa?"

"Mwenye mvi nyingi."

"Basi marahaba nakupa wewe, tajiri. Umetuletea nati?"

Akacheka, na kicheko kikawa ni kile kile, ila mwisho wake kikageuka kilio, ikabidi tushikane kwanza. Alikuwa amenenepa kidogo na Kiswahili chake kilikuwa kinatafuta maneno, kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba aliyohama. Alikwenda nyuma ya banda kabla sijamzuia. Akarudi.

"Jabali liko wapi?"

"Umelipita barabarani. Yale maduka mapya."

Akafungua mkoba, akatoa kitu kama albamu ya picha za harusi. Ndani, kila kadi ilikuwa kwenye mfuko wake wa plastiki. Mikono mitupu yote. Alikuwa amezitunza kuliko mimi nilivyozitunza zangu. Nilitoa moja, na mkono wangu ukashtuka: ilikuwa nyepesi. Nta ilikuwa imekwisha kutoka, tabaka zilikuwa zimekauka, na zile kingo alizoziinamisha zilikuwa zimenyooka kabisa kwa kubanwa kwenye plastiki miaka yote.

"Nzuri, eh?" akasema.

"Nzuri sana."

Tulifagia sakafu ya banda. Kabla hatujaanza nikamwambia kuhusu yule kaka na jiwe na karatasi. Nilieleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Nilingoja akasirike.

"Kwa hiyo siku zote nilikuwa nakushinda?"

"Siku zote."

"Na bibi alitudanganya?"

"Bibi alikuwa anauza dagaa. Alisema alichokijua."

Akaitazama kadi mkononi. Nikamwambia, "Leo anza wewe. Ni haki yako. Kiganja kinaanza."

"Hapana."

"Ndiyo sheria yenyewe, mwenzangu."

"Ya kwao," akasema. "Sikupanda ndege zote zile nije kucheza mchezo wa Japani. Hapa ngumi ni tano. Weka kadi, fundi. Anza."

Nilimbembeleza. Akaziba masikio kama mtoto. Basi tukageuza: ngumi yangu, mkono mtupu wake. Nikaanza.

Ninataka uelewe kwamba sikupiga kwa kumwonea. Wala kumbeba sikuweza, angenijua mara moja, na mchezo niliousubiri namna ile usingekuwa mchezo tena. Nilipiga kama ninavyopiga siku zote nikiwa peke yangu. Paa! Kadi yake ikaruka kama jani. Akashangaa, akacheka, akatoa nyingine. Paa. Nayo. Mara mbili tatu zamu ilimfikia, akapiga, na mkono wake ukatua kwa woga, wa mtu aliyezoea kushika vitu polepole visiharibike. Mafundi wa jirani walikuja kusimama mlangoni.

"Mama, mwachie mgeni hata moja!" mmoja akasema.

"Kimya wewe," mwenzangu akamjibu. "Mgeni ni wewe. Mimi nimezaliwa mlango ule."

Wakampigia makofi. Aling'ang'ania sakafu, nywele zimemwagika usoni, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona kwenye simu hata mara moja. Nami nilikuwa na furaha, mpaka nikatazama albamu na kuona mifuko karibu yote imekuwa mitupu. Ndipo nikaelewa tunachokifanya. Nikaisimamisha mikono.

"Tuishie hapa. Zilizobaki kaa nazo."

"Imebaki moja. Weka."

"Tajiri, tuache."

"Weka, bwana!"

Nikaweka. Na upepo wa ziwa ukakataa kuja. Paa.

Akavuta pumzi, akaniletea ile kadi ya mwisho mwenyewe, akaiweka juu ya fungu langu. Nikamwambia achukue nusu. Nikamwambia achukue hata tano tu. Akatikisa kichwa. "Aliyepigwa kapigwa, fundi. Wewe ndiye uliyekuwa mkali wa sheria."

Siku ya kuondoka kwake nilichomeka kadi moja ya mkono mtupu kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wake, tulipokuwa tunakumbatiana. Mchana ami yake alirudi kutoka uwanja wa ndege, akapita bandani kunirudishia. Alisema ameagizwa aniambie kwamba wizi wa kurudisha nao ni wizi.

Kwa hiyo sasa ninazo zote. Bati limejaa karibu kama siku ile lilipotoka chini ya kiti. Watu wakiliona wananipongeza, wanasema mkusanyo umetimia. Sijui niwaelezeje. Miaka yote ile, nusu ikiwa kwake, kulikuwa na sababu iliyokaa Kanada kwenye plastiki ikimwambia arudi. Niliishinda sababu hiyo kadi moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu mzuri, mchana kweupe. Duka limefungwa. Kaburi la babu limejengwa. Hana tena cha kumleta huku.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Halafu, nikiwa nashona, nikakumbuka sehemu ya mchezo ambayo hatukuwahi kuiandikia sheria kwa sababu tulikuwa tunaifanya tu: mmoja akiishiwa kadi, mchezo mpya unaanza kwa kugawana. Hakuna aliyepigwa kabla mchezo haujaanza. Nikamrekodia ujumbe wa sauti, nikamwambia hivyo. Alikaa muda mrefu bila kujibu, tofauti ya saa ni kubwa. Kisha akajibu kwa neno moja: "Gawa."

Nimeshagawa. Safari hii ngumi zote ni zake, ili akija yeye ndiye aanze. Mimi nimebaki na mikono mitupu, naipaka nta jioni jioni, najifunza kulala. Fungu lake nimelifunga kwa kitambaa cha kiti, nangoja mtu anayesafiri kwenda upande ule. Bado hajapatikana.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukitaka mchezo huu, huna haja ya kusubiri gari kutoka Japani. Chukua boksi gumu, gundisha matabaka matatu, likauke chini ya kitu kizito. Kata kadi za ukubwa wa kiganja chako, chora mikono nyuma. Kisha, kabla hamjapiga hata moja, gawa mafungu mawili, na fungu moja mpe mtu unayetaka arudi.